Pete Mguuni, Macho Mtaani: Mhadhara kwa Wakazi wa Kahawa Wendani

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Kwa miaka kumi mji wetu umezidi maradufu, ukashika nafasi ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Katikati ya kipindi hicho ndipo Barabara Kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa, mwaka 2012. Mibuni iling'olewa shamba baada ya shamba, vikaja vigingi vya ploti, na juu ya vigingi zikaota ghorofa. Kwa upande wa watu, nyumba, magari na maji, mabadiliko haya yana takwimu zake. Kwa upande wa ndege, ukiuliza mtaani ni kitu gani kimebadilika, utajibiwa kwa kumbukumbu tu: zamani walikuwa wengi, siku hizi ni kunguru. Huenda jibu hilo ni kweli, huenda si kweli. Tatizo lake ni kwamba haliwezi kupelekwa popote. Afisa wa mazingira hawezi kulitumia, mwakilishi wadi hawezi, mahakama haiwezi, na hata mwenye ploti aliye radhi kuacha miti miwili mitatu isimame hawezi kuambiwa ni ipi yenye manufaa.

Hoja yangu leo ni moja. Ndege wa mtaa unaojengwa kwa kasi namna hii hawatahifadhiwa kwa huruma peke yake. Wanahitaji kumbukumbu iliyoandikwa, ya mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka. Kumbukumbu hiyo hutokana na kazi mbili ambazo tumezoea kuziona kama za watu wawili tofauti: kuvisha ndege pete, tunayoiachia sayansi, na matembezi ya kutazama ndege, tunayoyaita burudani. Nitajaribu kuonyesha kwamba kila moja ya kazi hizi ni nusu, na kwamba mahali kama hapa nusu moja haifai kitu bila ya pili.

Nianze na pete, kwa kuwa ndiyo isiyoeleweka. Kabla ya mapambazuko, mvishaji pete husimamisha nyavu za uzi mweusi mwembamba kati ya nguzo mbili, kandokando ya kichaka au mfereji wa maji. Ndege anayeruka chini chini hauoni wavu. Huugonga na kuteleza hadi kwenye mfuko uliolegezwa kwa makusudi, akatulia humo. Mvishaji huzungukia nyavu zake kila mara, humnasua ndege kwa vidole, humtia katika mfuko wa pamba na kumpeleka mezani. Pale mezani ndege hulazwa mgongo kiganjani, shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kubanwa. Pete ya alumini huchaguliwa kulingana na unene wa mguu na kufungwa kwa koleo maalumu hadi ncha zake zikutane. Imechorwa namba isiyo na mwenziwe na anwani ya kupeleka habari, na kwa Kenya anwani hiyo ni ya Makumbusho, Nairobi. Bawa hupimwa kwa rula. Kisha mvishaji hupuliza polepole manyoya ya kifua. Yakifunguka, ngozi ya ndege huonekana nyembamba kama karatasi, na katika kishimo kilicho chini ya koo huonekana mafuta ya rangi ya manjano. Mafuta yakijaa hadi kufurika, huyo ni msafiri anayejiandaa. Kishimo kikiwa kitupu, ama amefika jana au hana mpango wa kwenda mbali. Tumbo likiwa wazi bila manyoya, ndege yumo katika kulalia mayai. Mwisho hupimwa uzito na kuachiliwa. Kazi yote huchukua dakika chache tu.

Kinachopatikana pale ni utambulisho. Ukimwona shorewanda juu ya waya wa stima leo, na ukamwona shorewanda pale pale Juni ijayo, hujui kama ni yeye au ni mwingine aliyechukua nafasi ya mfu. Huwezi kujua ndege huishi miaka mingapi mtaani, wangapi wanakufa, wala kama wale wa upande huu wa barabara wanavuka kwenda upande wa pili. Pete hukata shaka hiyo. Huyu ni huyu.

Lakini pete ikishafungwa huwa bubu mpaka mtu mwingine aisome, na historia ya kazi hii inathibitisha hivyo tangu mwanzo wake. Mwaka 1899, mwalimu Hans Christian Mortensen wa mji wa Viborg, Denmark, aliwavisha kwenzi pete za alumini zenye namba na anwani, na kutoka kwake utaratibu ukaenea Ulaya. Tarehe 6 Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, John Masefield (si yule mshairi) alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa akizaliana nyumbani kwake. Tarehe 23 Desemba 1912, mbayuwayu huyo alinaswa ndani ya nyumba ya shamba moja huko Natal, Afrika Kusini, na aliyesikia habari hiyo akaandika barua kwenda anwani iliyokuwa mguuni. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba mbayuwayu wa Uingereza hupitisha majira ya baridi katika ncha ya kusini ya Afrika. Mtaalamu alifanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanywa na watu wa kawaida, waliokuwa nyumbani kwao, waliojali kutazama na kuandika. Bila barua ile, pete ingebaki kipande cha bati.

Hapa Kenya mfano mkubwa ni Ngulia, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi. Hoteli ya Ngulia ilifunguliwa mwaka 1969 juu ya ukingo wa mlima, ikafungwa taa kali ili wageni waone wanyama usiku. Punde ikagundulika kwamba katika miezi ya Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, ndege wahamaji wanaosafiri gizani huvutwa na mwanga na kuteremka kwa maelfu. Kazi ya kuwavisha pete ikaanza, ikiongozwa na Graeme Backhurst na David Pearson, wakisaidiwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na kadiri miaka ilivyosonga, na vijana Wakenya waliokuja kujifunza. Ndege waliovishwa pete pale ni laki kadhaa. Baadhi yao wamepatikana tena Mashariki ya Kati, Ulaya na katika nchi zilizokuwa za Kisovieti.

Kati ya ndege hao yupo mmoja ambaye kwa jicho la kawaida hana sifa yoyote: mdogo, rangi ya majani makavu, uzito wa gramu kumi na kitu, jina lake la kisayansi Acrocephalus palustris. Huzaliana Ulaya na magharibi mwa Asia, na huondoka huko mwezi Agosti. Kazi ya Ngulia ilisaidia kufafanua kwamba hasafiri moja kwa moja. Husimama kwanza upande wa Sudani na Ethiopia kwa majuma mengi, ndipo anapopita Kenya mnamo Novemba na Desemba kuelekea kusini, akifuata mvua. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, aliyemsikiliza ndege huyu Ubelgiji, alichapisha mwaka 1979 matokeo ya ajabu: nyimbo zake zimejaa sauti za ndege wengine alizoziiga, na aina 113 kati ya zilizotambuliwa ni za Afrika. Kwa hiyo huko Ulaya mwezi Juni, mtu anayesikia ndege akiimba nyuma ya nyumba yake anasikia, bila kujua, milio ya ndege wa vichaka vyetu. Nimetaja jambo hili kwa sababu kuna fikra kwamba ndege wa thamani ni yule mkubwa, mwenye rangi, anayewekwa katika picha za utalii. Ndege huyu wa rangi ya majani makavu amebeba vichaka vya mabara mawili kooni mwake, na kichaka kimoja kikifyekwa njiani, hasara inafika mbali.

Mtu anaweza kuniambia Ngulia ni nyika, sisi tunaishi kati ya matatu na mjengo. Sawa. Basi tuje kwenye mfano ulio karibu zaidi na hali yetu, ingawa uko Taita. Milima ya Taita ilikuwa na msitu mpana, ukakatwakatwa hadi vikabaki vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia na vingine vidogo zaidi, vikitenganishwa na mashamba na makazi ya watu. Katika vipande hivyo wanaishi ndege wasiopatikana kwingine duniani, akiwemo Turdus helleri, ndege wa sakafu ya msitu anayependa kivuli. Kwa miaka mingi watafiti wa Makumbusho ya Taifa na wa Ubelgiji waliwanasa ndege katika vipande hivyo, wakawavisha pete, wakawaachilia na kuwanasa tena. Mwaka 2002 Luc Lens na wenzake, akiwemo Mkenya Mwangi Githiru, walichapisha matokeo katika jarida la Science. Waliobaki salama zaidi ni wale wenye mambo mawili: wanaostahimili mazingira yakiharibika, na wanaoweza kuhama kutoka kipande hadi kipande. Asiyestahimili na asiyehama hutoweka hata kama kipande chake bado kinaonekana kibichi kwa mbali.

Ufahamu huo usingepatikana kwa kuhesabu tu. Ukihesabu utapata ndege kumi hapa na kumi pale, ukadhani mambo ni shwari. Ni pete iliyoonyesha ni nani anayevuka na ni nani aliyefungiwa. Sasa tazameni ramani yetu. Eneo lote kuanzia hapa hadi Thika limegeuka vipande: uwanja wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wenye miti iliyokomaa, kingo za mito ya Kamiti, Ruiru, Ndarugu na Thika, mabaki ya mashamba ya kahawa ambayo hayajauzwa, bustani za makanisa na shule, na ua wa michongoma wa nyumba za zamani. Kusini-mashariki mwa Wendani, huko Ruai, yapo mabwawa ya majitaka ya Dandora, yanayotambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu kwa ndege na yanayopokea bata na ndege wa matopeni kutoka kaskazini mwa dunia. Swali la msingi kuhusu ndege wa Wendani ni lile lile la Taita. Je, vipande hivi vimeunganika? Chozi anayenyonya maua ya ua wa shule anatoka wapi? Mkuyu mmoja wa mtoni ukikatwa, unakata njia ya nani?

Na hapa ndipo nusu ya pili inapoingia, kwa maana mtaani kuna kitu ambacho msitu wa Taita hauna: macho. Mbali na pete ya namba, wavishaji pete hutumia pia pete za plastiki za rangi, zikipangwa kwa namna ambayo kila ndege ana mpangilio wake. Mwenye nyekundu juu ya bluu mguu wa kushoto ni mmoja tu. Huhitaji kumnasa tena kumjua. Darubini ya kawaida inatosha, na dirishani hata darubini haihitajiki. Msituni, watafiti wawili watatu huzunguka kutwa wakitafuta miguu ya rangi. Mtaani, mwanafunzi aliye kwenye roshani ya hosteli, mama mboga aliyepanga nyanya chini ya mti, mlinzi wa lango anayekesha hadi kwarara waanze kelele zao alfajiri, wote wanatazama bila kulipwa. Kinachokosekana ni mazoea ya kutazama kwa utaratibu na mahali pa kupeleka kilichoonekana. Mazoea hayo hufundishwa kwa matembezi ya pamoja.

Matembezi haya hayakuanzishwa jana. Chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki, ambacho leo kinafanya kazi kwa jina la Nature Kenya, kiliundwa mwaka 1909. Tangu mwaka 1971 Fleur Ng'weno amekuwa akiongoza matembezi ya kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, na wengi waliokuja kuwa wataalamu wa ndege nchini walipitia huko wakiwa vijana wasio na darubini. Kwenye Makumbusho hayo hayo, kundi la wavishaji pete la Nairobi limekuwa likifanya kazi na kufundisha. Kinachofunza hapo ni kudumu kwa jambo: siku ile ile, saa ile ile, orodha ikasomwa mwishoni kwa sauti ili kila mtu akubali au akatae kilichoandikwa.

Kinachoweza kutokana na kutazama tu kimeonekana waziwazi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kuhusu aina 42 za ndege wawindaji na walao mizoga wa savana za Afrika, ukitumia hesabu zilizofanywa kando ya barabara katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, kwa vipindi vilivyoachana miaka 20 hadi 40. Asilimia 88 ya aina hizo zilikuwa zimepungua. Hapakuwa na mtambo wowote wa ajabu katika kazi hiyo: gari, darubini, daftari, na mtu aliyerudia barabara ambayo mwenzake aliipita zamani. Asingekuwepo yule aliyeandika miongo minne iliyopita, leo tungebaki na masimulizi ya wazee kwamba tai walikuwa wengi, na hakuna ambaye angelazimika kuyasikiliza. Na kule Dakatcha, Kaunti ya Kilifi, kwera wa Kilifi alielezwa kisayansi mwaka 1913, lakini miaka mia moja ikapita bila mtu kulionyesha kundi la viota vyake. Machi 2013, wanachama wa Nature Kenya pamoja na kikundi cha wahifadhi wenyeji wa Dakatcha waliviona viota hivyo kwenye kinamasi cha msimu. Wenyeji walijua mahali maji yanapotuama mvua ikinyesha. Wageni walijua ndege gani wa kumtafuta. Hakuna upande ambao ungeweza peke yake.

Sasa nizijibu pingamizi, maana zipo na zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba kunasa ndege ni kumtesa, na pete ni mzigo wa maisha. Anayesema hivi anastahili kujibiwa kwa ushahidi, si kwa kubezwa. Mwaka 2012 Erica Spotswood na wenzake walikusanya rekodi za vituo vya Marekani na Kanada na kukuta kwamba kwa wastani ndege waliojeruhiwa wavuni ni asilimia 0.59, na waliokufa ni asilimia 0.23. Ni kidogo, lakini kwa ndege elfu moja ni vifo viwili vitatu, na mvishaji pete asiyejisikia vibaya kwa hao wawili watatu hafai kushika wavu. Upo pia ushahidi kwamba kifaa kibaya huleta madhara makubwa: mwaka 2011 Claire Saraux na wenzake walionyesha kwamba pengwini waliofungwa bendi kwenye bawa walizaa makinda pungufu kwa asilimia 39 kuliko wenzao wasiofungwa, katika kipindi cha miaka kumi. Hiyo ilikuwa bendi ya bawani kwa ndege anayeogelea, wala si pete nyepesi ya mguuni. Hata hivyo funzo lake linatuhusu. Kuvisha pete ni kazi ya mtu aliyefunzwa kwa muda mrefu na mwenye kibali. Nchini Kenya wanyamapori wanalindwa na sheria ya mwaka 2013, na kunasa ndege bila idhini ni kosa hata kama nia yako ni njema. Kwa hiyo ninaposema Wendani ipate kituo cha kuvisha pete, simaanishi tununue nyavu tukatundike nyuma ya kanisa. Namaanisha tuwaalike wenye kibali waje, na sisi tuwape mahali palipo salama, mikono ya kubeba nguzo na waandishi wa daftari. Aliyewahi kumwona ndege akipepea kutoka kiganjani mwa mvishaji pete, hasa mtoto aliyezoea kubeba manati, hupata somo ambalo bango la ukutani haliwezi kulitoa.

Ya pili inasema kutazama ndege ni mchezo wa wenye nafasi. Jumatano asubuhi fundi yuko mjengoni, mwanafunzi yuko darasani, mwenye duka amefungua. Pingamizi hii ni ya haki kabisa. Jibu lake ni kubadilisha siku. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa saa mbili, kabla ya kazi za mchana, mtu wa Wendani anaweza kutoka. Nauli haihitajiki kwa sababu njia inaanzia mlangoni pake. Darubini tatu zinatosha watu kumi na watano zikizungushwa. Na utaratibu wa kuandika upo tayari: mradi wa Kenya Bird Map umegawa nchi nzima katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 9, na unachomtaka mtazamaji ni saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya mraba mmoja, akiandika kila aina kwa mpangilio wa kuonekana kwake. Saa mbili hizo, zikirudiwa kila mwezi, ni mchango sawa na wa profesa.

Ya tatu inasema watu wa kawaida watakosea, watamwona mwewe wakaandika tai. Naam, watakosea. Wataalamu pia hukosea. Ndiyo maana orodha husomwa kwa pamoja, rekodi isiyo ya kawaida huulizwa maswali, na picha ya simu huombwa. Zaidi ya hapo, makosa ya mtu mmoja mmoja hayafanani, lakini kupungua kwa ndege kuna mwelekeo mmoja. Kumbukumbu za miaka kumi za mahali pamoja huonyesha mwelekeo huo hata kama kurasa kadhaa zina dosari. Udhaifu mkubwa zaidi wa mtaa wetu ni mwingine: wapangaji huhama. Mwanafunzi anamaliza masomo, familia inatafuta nyumba ya kodi nafuu. Kwa sababu hiyo daftari lisiwe la mtu. Liwe la shule, la chama cha wakazi au la klabu ya chuo, likabidhiwe kama vile ufunguo wa ofisi unavyokabidhiwa.

Pingamizi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote: watu wanahitaji nyumba, na ndege hawalipi kodi. Sina nia ya kushindana na haja ya nyumba. Aliyebanwa chumba kimoja na watoto watatu ana haki ya kutaka jengo jipya lisimame. Ninachopinga ni dhana kwamba tunalazimika kuchagua kati ya ghorofa na kila kitu kingine. Kanuni za maji zinatenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto usijengwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali katika kuyalinda. Sheria ya mazingira inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Vifungu hivi vipo. Vinachokosa ni ushahidi wa mtaani wa kuvijaza. Mkazi anayeandika kwamba tunapenda miti yetu atapuuzwa kwa adabu. Mkazi anayeambatanisha orodha za miezi 36, zenye tarehe na majina, zikionyesha kwamba ukanda huu wa mto una ndege wahamaji kila Oktoba hadi Aprili, na kwamba ndege wenye pete za rangi wanaupita kutoka chuoni kwenda bondeni, amempa afisa kitu ambacho hawezi kukitupa bila kueleza sababu.

Yupo pia ndege anayetukumbusha kwamba mashamba ya kahawa hayakuwa jangwa kabla ya kuja ghorofa. Turdoides hindei, anayepatikana Kenya peke yake na aliye hatarini, huishi katika nchi za kahawa kusini na mashariki mwa Mlima Kenya, akijificha katika vichaka vizito vya mabondeni. Vichaka hivyo siku hizi mara nyingi ni lantana, mmea wa kigeni ambao kila mkulima angefurahi kuung'oa. Peter Njoroge na Leon Bennun walipochunguza hali yake waliona jinsi maisha yake yalivyofungamana na vichaka hivyo vinavyodharauliwa: ukivifyeka vyote kwa mara moja, umemfukuza. Sisemi kwamba yuko nyuma ya nyumba zenu. Nasema kwamba kichaka kinachoitwa takataka kinaweza kuwa makao ya kiumbe kisicho na kwingine kwa kwenda, na asiyeandika anachokiona hatajua ni lini amekifyeka.

Kuna tahadhari moja ambayo sitaki ipotee. Si kila kilichoonekana kinafaa kutangazwa. Kiota cha bundi au cha mwewe kibaki siri ya wachache, maana bundi bado anauawa kwa kudhaniwa kuleta mkosi, na wapo wanaonunua mayai yake kwa ushirikina. Daftari liwe na ukurasa usiosomwa hadharani.

Naomba basi mambo mawili kwenu. Chagueni njia moja ya saa mbili, mkubaliane Jumamosi moja ya kila mwezi, na mtu mmoja akabidhiwe daftari kabla hatujatawanyika leo. Na iwapo siku yoyote utamkuta ndege mwenye pete mguuni, amekufa barabarani au amegonga kioo, usiitupe pete wala usiitie mfukoni kama pambo. Andika namba yote, herufi na tarakimu, andika tarehe, mahali na jinsi ulivyomkuta, kisha upeleke habari Idara ya Ndege, Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Akiwa hai, soma namba, usiivue pete, umwachilie.